Je, ipo pedi ya joto isiyoweza kuunguza godoro?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia hivi:

"Mamangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, hasa kusi likianza kuvuma. Mwaka jana nilimnunulia pedi ya umeme ya kukandia. Juma lililopita aliikunja, akaiweka chini ya goti, akapitiwa na usingizi. Niliamshwa na harufu; foronya imeshatoboka na godoro lina shimo jeusi upana wa kikombe. Mama ameungua kidogo nyuma ya goti. Sasa nasikia kuna pedi zinazochapwa kwa wino, ati zikipata moto mno zinajipunguza zenyewe. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji? Na ndugu yangu huchapa fulana Mwembe Tayari. Anasema kama ni wino tu, atasaga kaboni ya betri kuukuu, achanganye na gundi, atuchapie. Tumwache ajaribu?"

Pole sana dada yangu, na mpe mama shikamoo zangu. Kabla ya umeme tuzungumze kidonda. Kuungua kwa pedi si kama kuungua kwa chai. Chai humwagika ikapoa, lakini pedi hukaa palepale saa nzima na joto likazama ndani polepole, kwa hivyo kidonda kinachoonekana kidogo leo huenda kimeingia ndani kuliko unavyodhani. Mpeleke zahanati akaangaliwe, na kama ana kisukari usingoje kesho.

Wino huo upo, si maneno matupu. Ukoo wake ni wa zamani: nyaya za kupasha mabomba joto zinazojirekebisha zenyewe ziliingia viwandani miaka ya 1970, kwenye nchi za baridi kali ambako maji huganda ndani ya bomba na kulipasua. Ndani ya nyaya zile mna plastiki iliyochanganywa na unga wa kaboni, na wino wa leo ni ndugu wa plastiki ile, ila umelainishwa ili uweze kuchapwa. Mimi nagombana na wauzaji pale wanaposema "haiunguzi". Wino huo unajua joto lake wenyewe tu. Haujui goti la mama, haujui godoro, wala haujui waya uliolegea kwenye plagi. Ukilielewa hilo utanunua kwa akili, na ndugu yako atajua aanzie wapi.

Nianze na shimo la godoro. Pedi nyingi za bei nafuu zina waya mmoja mrefu, mwembamba, uliozungushwa ndani ya kitambaa kutoka pembe moja hadi nyingine. Tuseme pedi yenu ni ya wati 60. Kwa umeme wetu wa volti 240, waya huo una ukinzani, yaani ile hali ya kuzuia umeme usipite kirahisi, wa omu 960. Waya wa hita huteuliwa makusudi ili ukinzani wake usibadilike sana joto likipanda. Kwa hiyo ukiwa na nyuzi 30 unatoa wati 60, na ukiwa na nyuzi 200 bado unatoa karibu wati zilezile 60. Pedi ikitandazwa wazi, joto hilo linaondoka na hewa na mambo yanakuwa sawa. Ikikunjwa mara mbili, juu yake goti, chini yake godoro la sponji ambalo halipitishi joto, na shuka kufunika yote, joto halina pa kwenda. Linalundikana, na waya unaendelea kutoa lilelile bila habari.

"Lakini ilikuwa na thamostati," utaniambia. Huenda ilikuwa nayo. Thamostati ni kitu kidogo kama njugu, imekaa mahali pamoja pa pedi. Palipokunjwa ni pengine. Yenyewe ilikuwa pembeni inapigwa na upepo wa dirishani, ikidhani kila kitu ni shwari. Tena vile vikono vyake vya chuma, baada ya kufunga na kufungua maelfu ya mara, huweza kugandana kabisa, na tangu siku hiyo haifungui tena. Nimefungua pedi kama hizo mezani kwangu si mara moja. Unakuta thamostati safi, haina hata alama ya moshi, na shibiri moja kutoka hapo kitambaa kimekuwa mkaa.

Sasa uingie nami kwenye matatu ya Kisauni saa kumi na mbili jioni, imejaa hadi mlangoni. Abiria wa kiti cha nyuma kabisa anataka kulipa nauli. Hainuki. Anampa wa mbele yake, naye anampa wa mbele yake, mkono kwa mkono, hadi kwa konda. Pesa inafika kwa sababu watu wamebanana. Sasa fikiria gari lile lirefuke ghafla, viti viachane, kila mtu abaki na dhiraa mbili kati yake na mwenzake. Watu ni walewale, nauli ni ileile, lakini mikono haifikiani.

Ndivyo wino ule unavyofanya kazi. Abiria ni chembe za kaboni, nauli ni umeme, na gari ni plastiki iliyozibeba chembe hizo. Plastiki za jamii ya polietilini, na nta pia, zina sehemu ambazo ndani yake molekuli zimejipanga kwa safu kama fuwele. Joto likifika kiwango chake, fuwele hizo huyeyuka na plastiki hufura kwa ghafla. Chembe za kaboni zinaachana, njia za umeme zinakatika moja baada ya nyingine, na ukinzani unapanda: mara kumi, mara mia, kwa michanganyiko mizuri hata zaidi ya mara elfu. Umeme ukipungua joto linapungua, plastiki inasinyaa, chembe zinashikana tena. Hakuna swichi inayofungua na kufunga. Joto lenyewe ndilo linalojifungia mlango, na pedi inatulia mahali ambapo joto linalotoka ni sawa na linalozalishwa.

Kwa hesabu: chukua pedi ya volti 12 yenye omu 7.2. Ikiwa baridi inatoa wati 20. Ukiifunika ikapata moto hadi ukinzani ukafika mara tano, yaani omu 36, inatoa wati 4. Hiyo ndiyo tofauti kati ya pedi hii na waya wenu wa omu 960 usiobadilika.

Namna inavyochapwa ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kwenye karatasi nyembamba ya plastiki ya poliesta huchapwa kwanza mistari ya wino wenye madini ya fedha, mfano wa vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana. Kitana kimoja kinaunganishwa na chanya, cha pili na hasi. Kisha juu yake huchapwa ule wino mweusi wa kaboni. Kila kipande cha weusi kati ya jino na jino ni hita ndogo inayojitegemea. Mama akikunja pedi chini ya goti, vipande vya pale pa kukunjwa tu ndivyo vinavyojipunguza. Vingine vinaendelea na kazi. Kwenye pedi ya waya hilo haliwezekani, maana waya ni mmoja, na umeme unaopita mwanzo ndio unaopita mwisho.

Ukitaka kusadiki kwamba kitu kinaweza kujizuia bila thamostati, tazama ukutani kwako. Kile kifaa cha dawa ya mbu ya maji, kinachochomekwa jioni na kuchomolewa asubuhi, kwa kawaida kina kidonge cha kauri ndani kinachopasha utambi. Kinakaa kwenye volti 240 usiku kucha, watoto wamelala, na hakiunguzi ukuta. Kidonge hicho hutengenezwa kwa bariamu titaneti, ambayo ikikaribia nyuzi 120 ukinzani wake hupaa. Sababu yake ni tofauti na ya plastiki, ni mambo ya mipaka kati ya punje za kauri, lakini tabia ni moja. Fundi wa friji anakijua kidonge cha namna hiyo kwenye relei ya kuwashia kompresa. Fundi wa televisheni zile za kisogo anakijua pia. Kwa hiyo huu si uchawi mpya. Jambo jipya ni kuweza kuuchapa kwenye karatasi inayopindika.

Sasa nije kwenye mipaka yake, na hapa naomba usome taratibu.

Mpaka wa kwanza ni ngozi. Kiwango cha joto cha wino hupangwa kiwandani, na hakibadilishwi kwa kitufe. Zipo wino zinazolengwa nyuzi arobaini na kitu, zipo za 60 na kitu, zipo za juu ya hapo kwa vioo vya gari na mabomba. Zote zinaitwa "za kujirekebisha", na hata ya nyuzi 65 haitawasha godoro. Lakini goti? Vipimo vya kuungua kwa ngozi vilivyochapishwa Marekani mwaka 1947 na watafiti Moritz na Henriques bado vinatumika hadi leo: ngozi ikigusana na kitu cha nyuzi 44 kwa muda wa kama saa sita, inaungua. Kila nyuzi moja ikiongezeka juu ya hapo, muda unapungua karibu nusu. Kwenye nyuzi 60 ni sekunde chache tu. Kwa hiyo pedi isiyoweza kuchoma nyumba inaweza kabisa kumchoma mama, hasa akilala juu yake, na zaidi ikiwa kisukari kimemtia ganzi ya miguu hata hahisi moto. Mtu wa namna hiyo asiwekewe pedi yoyote ya umeme miguuni, ya waya wala ya wino. Kwa wengine, dakika 15 hadi 20 zinatosha, na kitambaa kiwe kati ya pedi na ngozi. Na kama goti limevimba na lina moto lenyewe, usiliongezee joto. Muone daktari kwanza.

Tena jambo ambalo najua linafanyika nyumba nyingi za hapa: mama anajipaka dawa ya kuchua, ile ya kuwasha yenye mentholi, kisha anaweka pedi juu yake. Usimruhusu. Dawa hiyo na joto la pedi vikikutana, ngozi hubabuka hata kwa joto ambalo peke yake lisingemdhuru.

Mpaka wa pili ni wino wenyewe kushindwa. Ukiulazimisha, kwa mfano ukaunga pedi ya volti 12 kwenye adapta ya 24, nguvu inataka kuwa mara nne ya ile iliyokusudiwa. Plastiki ikipita kiwango chake ikayeyuka kabisa, chembe za kaboni zinaanza kuogelea ndani yake na kukusanyika upya. Hapo ukinzani, badala ya kupanda, unaanza kushuka. Umeme unaongezeka, joto linaongezeka, na kile kilichokuwa kinga kinageuka kuni. Viwanda vizuri huzuia hili kwa kuzifunga molekuli za plastiki zishikane kama wavu, kwa miale au kwa kemikali, ili hata fuwele zikiyeyuka kaboni isitembee. Kwa macho huwezi kujua kama kazi hiyo imefanywa. Ndiyo maana adapta iliyokuja na pedi ndiyo hiyohiyo itumike, na ikipotea isitafutwe nyingine "inayoingia tundu".

Mpaka wa tatu ni mistari ya fedha, na huu unatuhusu sisi watu wa pwani kuliko watu wa Limuru kule bara. Fedha haina tabia ya kujizuia. Ukiikunja karatasi kama barua, mstari unapata ufa, na umeme wote wa upande ule unajibana kupita kwenye mwembamba uliobaki. Pale panakuwa moto wa ncha ya sindano, na wino wa kaboni hauwezi kuuzima kwa sababu hauko ndani yake. Pedi hii huviringishwa kama mkeka. Haikunjwi kama kanga. Halafu kuna unyevu. Fedha ikiwa na umeme wa upande mmoja, kama ule wa betri, na unyevu ukaingia, huhama kidogokidogo: huota nyuzi nyembamba kama mizizi kutoka jino la kitana kimoja kuelekea jino la kitana cha pili, hadi siku zikigusana. Kwa hewa yetu yenye unyevu na chumvi, na jasho la mgonjwa juu yake, pedi ambayo kingo zake hazikuzibwa vizuri haitadumu kama ilivyodumu Ulaya. Nikipewa pedi ya kuchagua, kitu cha kwanza ninachotazama ni kingo, kabla hata ya kusoma wati zake. Plastiki ya juu na ya chini ziwe zimegandana kabisa, na upana mtupu wa kama nusu kidole kabla ya kufika kwenye weusi. Pale waya unapoingia pafunikwe kwa mpira au gundi ngumu, usicheze ukiuvuta.

Kwa ndugu yako sasa. Mwambie nimefurahi kwamba amewaza, maana nusu ya kazi anayo tayari mkononi: skrini, fremu, kuvuta wino kwa unene ulio sawa, kulinganisha rangi ya pili juu ya ya kwanza. Hita hizi huchapwa kwa njia hiyohiyo. Lakini kaboni ya betri aiache. Ule unga mweusi wa betri kavu si kaboni tupu. Sehemu kubwa ni manganizi dayoksaidi, na umelowa chumvi za kiwandani zinazokula chuma na fedha. Kijiti cha katikati ndicho kaboni, lakini akikisaga na kukichanganya na gundi ya mbao atapata rangi inayopitisha umeme bila kujizuia hata kidogo, yaani waya uleule uliounguza godoro, safari hii umetandazwa.

Najua atakayefuata ni rafiki yake wa kumwambia achanganye masizi na nta ya mshumaa. Huo mchanganyiko ni hatari zaidi kwa sababu mara ya kwanza unafanya kazi. Nta inafura, ukinzani unapanda, kila mtu anapiga makofi. Mara ya tatu au ya nne nta imeyeyuka, masizi yamejikusanya upande mmoja, na hakuna anayejua kitakachotokea. Kwa somo mezani, kwa betri ndogo na macho yakiwa juu yake, sawa. Kitandani kwa mama, hapana.

Akitaka kuingia kwenye kazi hii kwa kweli, anunue wino ulio tayari, ule wa fedha na ule wa kaboni wa kujirekebisha, kutoka kwa watengenezaji wanaotoa karatasi ya vipimo pamoja nao. Ni ghali kwa sababu ya fedha iliyomo, kwa hiyo aanze na kipande cha ukubwa wa kiganja. Tanuri lake la fulana alipunguze: wino wa fulana hukaushwa kwa nyuzi 160 hivi, na kwa joto hilo karatasi ya poliesta itajikunyata na vitana vyake havitalingana. Afuate joto lililoandikwa kwenye karatasi ya wino, na anunue poliesta iliyokwisha kutulizwa kwa joto. Na asiuunge moja kwa moja kwenye volti 240 kamwe. Volti 12 au 24, kupitia adapta iliyotenganishwa na umeme wa ukutani, na fyuzi kwenye njia. Fyuzi aipime kwa umeme wa kuanzia, kwani hita hizi zikiwa baridi huvuta zaidi kuliko zikishapata joto. Kazi ya kuanzia nayo isiwe ya kuweka mwilini. Hita ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha gari, au ya sakafu ya kibanda cha vifaranga, zinamfaa zaidi. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na wenyewe husogea wakisikia moto. Mama aliyelala hasogei.

Ukienda dukani, jina "PTC" kwenye boksi, yaani hita ambayo ukinzani wake hupanda joto likipanda, lisikutoshe. Nenda na mita ya kupimia omu. Pedi isiwe imechomekwa, na upime kwenye nyaya mbili za pedi yenyewe, usipime kupitia kidude cha vitufe. Ukiweza kuirudisha, ipime nyumbani pia: iweke kwenye mfuko wa plastiki, ikae ndani ya friji nusu saa, usome omu. Kisha itandaze juani saa saba mchana juu ya kipande cha bati, ikishapata moto usome tena. Ya waya wa hita haitasogea kwa kiasi cha kuonekana. Waya wa shaba ungepanda kama sehemu moja ya tano. Ya wino wa kujirekebisha itapanda mara mbili au zaidi, mbele ya macho yako. Isipopanda, irudishe hata kama boksi limeandikwa dhahabu. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kama boksi lina namba IEC 60335-2-17, hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha blanketi na pedi za umeme.

Kwa mama, hadi kidonda kipone, asitumie joto lolote upande ule. Baada ya hapo chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo inatosha magoti mengi, na ina sifa moja ambayo pedi haina: kila dakika inayopita inapoa. Na ile pedi iliyoungua msimpe fundi aitengeneze. Ichomoe, ikate plagi kwa mkasi, utupe waya mbali na pedi, ili asitokee mtu wa kuiokota jalalani akaiunga tena.